Dodoma hakuna bahari, lakini tuna watu wetu waliobaki majini. Mnawakumbukaje?

#1 Mwambao Dom

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina jambo la kifamilia, naomba mawazo, hasa ya watu wazima na ya wale ambao kwao ni pwani ila maisha yamewaleta huku kwenye vumbi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha, Pangani. Jahazi halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa Tanga, yeye akiliendesha kwa kugawana mapato. Walipakia boriti, chumvi, nazi, mara nyingine ng'ombe wa kupeleka Pemba, wakarudi na abiria. Safari moja ya msimu wa Kusi, upepo wa kutoka kusini, miaka michache kabla ya Uhuru, waliondoka Pangani kwenda Mkoani, Pemba. Hawakufika. Hakikuonekana kipande cha ubao, wala tanga, wala maiti.

Bibi hakukubali kuwa mumewe amekufa. Baba yangu alikuwa mdogo, akakua akiambiwa mzee kasafiri, na sisi naye akatuambia hivyo hivyo. Kaka yangu alipopata mtoto wa kiume na ukoo ukataka apewe jina la babu, baba alikataa kabisa. Alisema jina la msafiri haligawiwi mwenyewe hajarudi. Baba alihamia Dodoma zamani, enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, akastaafu huku, akafariki huku na tumemzika huku.

Sasa tumebaki sisi. Dada yangu mkubwa anataka hitima ya baba mwaka huu iwe ya wawili, baba na babu. Mdogo wetu hataki kusikia. Anasema hitima yenyewe haina msingi, halafu utamsomeaje mtu ambaye hakuna aliyewahi kuthibitisha kifo chake? Watoto wetu waliozaliwa hapa Dodoma, mtaa wa Kisasa, wanatutazama tu. Kwao bahari ni Coco Beach wakienda likizo kwa shangazi yao.

Ninyi mliopotelewa na watu majini mnafanyaje? Kaburi hakuna, tarehe hakuna. Na hapa tulipo hata pa kusimama ukatazama maji hakuna, labda mpaka uende bwawa la Mtera.

#2 Chimwaga77

Mbukwenyi wanajukwaa! Mkuu, umekuja kuuliza habari za majahazi kwa watu ambao mvua ikinyesha siku mbili mfululizo tunaanza kuhamisha vitanda? Baharia wa mwisho wa Kigogo alivuka korongo akiwa na baiskeli begani 😂

Utani pembeni, pole sana kwa mzee. Ngoja waje wenye bahari yao.

#3 Dada wa Ilazo

Naweka kambi hapa.

#4 MkondoWaPemba

Mwambao, pole. Mie ni mtu wa Mkoani huko huko babu yako alikokuwa anakuja. Dodoma nimefuata ofisi ilipohama. Ujana wangu nimevua, na baba yangu alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia chini ya nahodha, kwa hiyo nitakueleza bahari ile kwanza, mambo ya dini waje wenyewe.

Kati ya Pangani na Pemba si bahari ya kutia nanga. Pana kina cha mamia ya mita. Maji yake huelekea kaskazini mwaka mzima, na Kusi ikishasimama, Juni na Julai, upepo na mkondo vinasukuma upande mmoja. Chombo kikivunjika foromali, ule mti unaobeba tanga, au kikang'oka usukani katikati pale hakirudi Pangani, na Mkoani hakifiki. Kinapita juu, maji ya Kenya. Kama hakikuokotwa Vanga, Shimoni au Mombasa basi tena, mbele ni bahari kuu. Kwa hiyo wale waliokuwa wanasema "mbona hata ubao haukuonekana" walikuwa wanatazama pwani ambayo si yake.

Na jambo jingine ambalo watu wa bara hawalijui. Majahazi makubwa ya Waarabu yalikuja na Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi, yamebeba tende na samaki wa chumvi, yakasubiri upepo ugeuke, yakaondoka Aprili Kusi ikiwa changa, yamejaza boriti za mikoko za Rufiji. Kusi ikikomaa wao wako kwao wamelala. Waliobaki kuhangaika nayo ni wenzetu wa vyombo vya kati, Pangani kwenda Pemba, Tanga kwenda Unguja, kwa sababu watu wa visiwani lazima wale na tajiri lazima auze. Nahodha mzuri alijua siku ya kukaa bandarini. Shida ni kwamba mzigo ukishapakiwa, na tajiri yuko gatini anauliza mnangoja nini, kukaa kunakuwa kugumu.

Wazee wanasema chombo cha kuzama hakina usukani. Mie methali hiyo siipendi ikisemwa mbele ya watoto wa nahodha, maana inamsamehe aliyejaza mzigo kupita kiasi.

Kwetu Pemba tumelijua jambo hili kwa namna mbaya. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander I ilizama usiku ikija kwetu kutoka Unguja, imejaza watu kupita uwezo wake. Maiti zilizopatikana ni mia mbili na kidogo. Wasioonekana walikuwa wengi kuliko hao. Nyumba nyingi ziliweka msiba bila jeneza. Watu walisoma dua, wakala, wakalia, wakaondoka, na hakuna aliyeuliza uthibitisho uko wapi.

#5 AbuSalaf

Hitima haikufanywa na Mtume s.a.w. wala masahaba. Muombeeni dua mzee wenu, toeni sadaka, kama alikuwa na deni lilipeni. Mengine ni mazoea.

#6 Ustadhi Nkuhungu

Assalaam alaykum. Ndugu AbuSalaf kwenye dua, sadaka na deni amesema kweli na hilo halina ugomvi. Hitima ni khilafu ya siku nyingi, wamekufa wanazuoni wakubwa hawajaimaliza, hatutaimaliza sisi humu na bando la usiku.

Mwambao, nikujibu kwa ufupi yale yanayokuhusu.

Kumswalia asiyekuwepo: Mtume s.a.w. alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo waliyokulia watu wengi wa pwani yetu, wanaikubali sala hiyo. Na aliyekufa kwa kuzama ametajwa katika Hadithi miongoni mwa mashahidi, basi msimlilie babu yenu kama mtu aliyekosa heshima kwa kukosa sanda.

Hoja ya mdogo wako kuhusu uthibitisho: mtu aliyepotea huhukumiwa kuwa amekufa ukishapita umri ambao watu wa rika lake hawaishi tena. Mtu aliyekuwa nahodha kamili kabla ya 1961 leo anakaribia miaka mia au ameipita. Hoja hiyo imejifia yenyewe.

Ila na mimi nina swali. Jahazi haliendeshwi na mtu mmoja. Hao wengine waliokuwa naye ni kina nani? Mnasoma uzi mzima nahodha, nahodha. Majina ya mabaharia mnayo?

#7 Mwambao Dom

Ustadhi, umenigusa pabaya. Nimempigia shangazi, ndiye aliyebaki anayekumbuka.

Walikuwa watu saba au wanane, hana uhakika. Serahangi alikuwa shemeji yake babu, huyo jina tunalo na kwao wanajulikana. Wawili walikuwa ndugu kutoka Kipumbwi. Wengine hawakumbuki. Halafu akasema: "na yule kijana Mgogo." Nikamuuliza Mgogo gani? Akasema alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge, akatoroka au akamaliza mkataba, hajui. Akaanza kubeba mizigo gatini. Babu akampenda kwa kuwa alikuwa na nguvu na hakuwa mlevi, akamchukua kwenye chombo awe anateka maji ya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kuvuta kamba. Aliishi kwenye banda la uani kwa bibi. Wote walimwita Mgogo. Jina lake shangazi halijui.

Chombo kilipopotea, watu wa serahangi walikuja kwa bibi, na watu wa Kipumbwi wakaja pia. Wa kwao yule kijana hakuna aliyekuja, na hakuna aliyejua pa kupeleka habari.

#8 Chimwaga77

Subiri kwanza.

Mkuu, nilikuja hapa kutania na sasa nimekaa vizuri. Unajua kwetu Chamwino wazee wakitaja ukoo kuna majina yanaishia na "huyu alikwenda mkonge." Basi, linalofuata ni jina jingine. Si mmoja. Njaa za Ugogo zilitawanya watu sana. Ile ya Mtunya, mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani na Waingereza walipokuwa wameshachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, ndiyo inayotajwa zaidi, lakini hata baadaye kila mvua ikikata vijana walishika njia ya Tanga na Morogoro. Tulidhani waliobaki huko walioa huko, au walikufa kwa malaria wakazikwa shambani. Kwamba mkonge unaweza kumfikisha Mgogo kwenye jahazi, hilo halijawahi kupita kichwani mwangu.

Shangazi yako hakumbuki hata alitoka upande gani? Bahi, Mvumi, Kongwa, Manyoni? Alikuwa ametoga masikio? Maana wengi wa enzi hizo walikuwa na tundu kubwa.

#9 Mwambao Dom

Nimemuuliza tena. Anasema ndiyo, masikio yalikuwa na matundu, na watoto wa Pangani walikuwa wanamtania kwa hayo. Na alikuwa akiimba usiku peke yake, hawakuelewa maneno. Zaidi ya hapo hana.

#10 Msomaji wa Kondoa

Uzi mzuri. Nataka kuongeza jambo ambalo watu wa mikoa yetu tunalikwepa, kwa sababu tumezoea kusema bahari si yetu.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukatiza Ugogo yote. Tunapenda kusimulia upande mtamu, kwamba watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, na hakuna msafara uliopita bila kulipa. Ni kweli. Lakini misafara ileile ikirudi ilikuwa na pembe za ndovu na watu, na wale watu hawakuwa wanakwenda kuuza pembe. Wakifika Bagamoyo, Saadani au Pangani waliingizwa kwenye majahazi. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na soko la Unguja likafungwa. Biashara haikufa siku hiyo, iliingia gizani. Mashamba ya karafuu ya Pemba bado yalihitaji mikono, na majahazi yakaanza kuvuka usiku, mkondo huohuo anaouzungumzia ndugu wa Mkoani, yakikwepa boti za manowari ya Kiingereza iliyoitwa London, iliyotia nanga Unguja tangu 1874. Watu walilazwa chini kwa kubanana. Aliyekufa njiani alitupwa.

Wapo waliotoka Ugogo, Unyamwezi, Ukimbu, Manyema. Hakuna daftari. Kwa hiyo Chimwaga77, yule kijana wa mkonge si Mgogo wa kwanza kufia mkondo wa Pemba, ila yeye alipanda chombo kwa hiari yake na alikuwa na mahali pa kulala.

Kuna jambo jingine huwa linaniuma. Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kizungu, alipokufa Mei 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliibeba maiti yake miezi tisa, wakapita nayo Ugogo humuhumu, mpaka Bagamoyo Februari 1874, ikapakiwa melini na kwenda kuzikwa London kwa heshima zote. Chuma na Susi wenyewe walikuwa mabaharia kabla ya hapo. Mwaka 1864 walivuka naye kutoka Unguja mpaka Bombay kwa kijimeli cha Lady Nyassa kilichojengwa kwa ajili ya ziwa. Msafara ule wa maiti ulipoteza watu njiani. Mzungu kaburi lake lina jiwe na tarehe. Wapagazi wake wako wapi?

#11 Relini

Nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mnasema Dodoma haijaona meli. Imeona, ikiwa kwenye makreti.

Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Wajerumani waliunda meli yao kwao Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaifunga kwenye makreti yapatayo 5,000 na kuileta Dar es Salaam. Kutoka hapo ni mabehewa, Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka Ziwa Tanganyika. Iliteremshwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wakaifunga na mzinga wa Königsberg, ile manowari iliyomalizwa Rufiji Julai 1915. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha makusudi, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi tena 1927 ikiitwa Liemba. Marehemu baba alifanya kazi karakana ya reli na hadithi hii alikuwa akiisimulia kama vile yeye ndiye aliyefungua makreti.

#12 Mjukuu wa Mzinga

Relini, wala hujatoka nje ya mada. Reli ileile ndiyo iliyompeleka babu yangu majini.

Kwetu ni Mpwapwa. Babu mzaa mama alichukuliwa jeshini vita ya pili. Nyumbani tumekua tukijua "babu alikufa Burma." Mjomba alikuwa hata akisimulia jinsi alivyopigana na Wajapani msituni, sijui aliyatoa wapi. Bibi alipofariki tulikuta bahasha aliyokuwa ameificha ndani ya kanga, na ndani mna karatasi ya jeshi. Kikosi kimeandikwa East African Artillery, na tarehe ya kifo 12 Februari 1944. Nikaanza kutafuta, maana tarehe hiyo wanajeshi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa bado hawajafika kwenye mapigano ya Burma.

Ni hivi. Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, kubwa lao likiwa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wa kike. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi ile kwa mabomu ya majini, na iliaminika iko chini palepale walipokuwa watu waliotoka melini wakiogelea. Mabomu yalitupwa hivyo hivyo. Nyambizi ilizamishwa. Watu waliokufa siku ile walikuwa 1,297. Waliookolewa hawakufika 220.

Fikiria kijana wa Mpwapwa. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza Mombasa. Kuogelea wapi angejifunzia? Na wakati inapigwa wengi wao walikuwa chini, kwenye burudani ya muziki, ndivyo walivyosimulia walionusurika.

Majina ya askari wale yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unaandika jina na kikosi, inakuonyesha. Hata hapa Dodoma tuna makaburi yao ya vita ya kwanza, yanafagiliwa na nyasi zinakatwa, nami nimepita pale miaka yote bila kujua wa kwetu ameandikwa wapi.

Tulichofanya: mama alitaka kwenda Nairobi, miguu haikuruhusu. Nilikwenda mimi, nikapiga picha ya jina. Ipo sebuleni chini ya picha ya harusi yake. Limekosewa herufi moja.

#13 Dada wa Ilazo

Nimesoma hapa nikiwa kwenye daladala ya Mtumba nimepitiliza kituo.

#14 BintKagera

Poleni nyote. Wa kwetu si bahari, ni ziwa, naomba mtupokee.

MV Bukoba, 21 Mei 1996, asubuhi, Mwanza ikionekana kabisa. Mama yangu mdogo alikuwa ndani, anarudi chuo. Idadi inayotajwa ni zaidi ya watu 800 kwenye meli ambayo haikupaswa kubeba hata 500. Nilikuwa mdogo, nakumbuka redio tu na wanawake wa mtaani wakiingia kwetu bila kubisha hodi.

Sisi tuna Igoma. Kuna makaburi ya pamoja na mnara, na kila tarehe 21 Mei watu wanakwenda, dini zote, viongozi wanahutubia. Watu wanadhani mkishapata pa kwenda mmemaliza. Mama yangu hakuwahi kukubali kwamba mdogo wake yupo pale, kwa sababu hakuna aliyemtambua. Alikuwa anakwenda Igoma, anaweka maua, halafu anaomba apelekwe ziwani, anakaa na viatu mkononi. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, na 228 wakafa, alizima televisheni wiki nzima. Kwa hiyo Mwambao, usiwaonee sana wivu wenye kaburi. Na baba yako kusema "kasafiri" mimi sioni ajabu yoyote.

#15 AbuSalaf

BintKagera, Allah awape subira. Kwenye ajali kama hizi hata mimi sina la kubishana.

#16 Kambale wa Mtera

Huku kwetu bwawani mtu akizama wavuvi wote tunapandisha nyavu. Hakuna kuvua mpaka apatikane, hata wiki. Mwenye mtumbwi atakayevua hatuuziani naye. Si sheria ya serikali.

Mkitaka kuja kusimama kutazama maji njooni, ila asubuhi. Mchana upepo mkali na viboko wapo.

#17 MkondoWaPemba

Mwambao, kuhusu kutafuta. Usitegemee kupata karatasi ya jahazi la mtu binafsi kirahisi. Tangu mkataba wa Brussels wa 1890 vyombo vya huku vilitakiwa kuwa na hati ya bendera na orodha ya mabaharia, lengo likiwa kuzuia watumwa wasipitishwe kama mabaharia. Kwa vyombo vya safari fupi za visiwani, baadaye, watu waliingia na kutoka kwa kujuana. Hata hivyo jaribu Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, na huku Dodoma kuna kituo cha kumbukumbu cha taifa. Peleka jina la tajiri, usipeleke la babu. Tajiri alilipa ushuru, kwa hiyo ndiye aliyeandikwa.

Na mimi nitampigia mjomba Mkoani. Wazee wa bandarini wanakumbuka vyombo kwa majina. Jahazi liliitwaje?

#18 Mwambao Dom

Shangazi anasema liliitwa Salama.

Tumekaa kikao jana kwa dada, Kisasa. Mdogo wangu kakubali sala ya ghaibu, ile ya kumswalia asiyekuwepo, na dua. Hitima atakuja kula tu, ndivyo alivyosema, na dada kamwambia wali utakuwepo mwingi. Tutafanya Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani. Majina yatakayosomwa ni baba, babu, serahangi, wale ndugu wawili wa Kipumbwi, na wote waliokuwemo. Tumekwama kwa yule kijana. Dada anasema asomwe "Mgogo" maana ndivyo alivyoitwa na walioishi naye. Mimi naona vibaya kumtaja mtu kwa kabila lake mbele ya watu, kama vile ndiyo kwanza tunampokea mizigo gatini. Ustadhi, unasemaje?

Na jina la babu kalibeba mtoto wa binti yangu, kazaliwa juzi hapa hapa Dodoma. Hakuna aliyepinga.

#19 Ustadhi Nkuhungu

Hongera kwa mjukuu, Allah amkuze.

Mwenyezi Mungu hamtafuti mja wake kwa jina mlilompa nyinyi. Semeni "na kijana aliyekuwa nao kutoka Ugogo." Kama hamjui alikuwa Muislamu, msimswalie, lakini sadaka kwa nia yake haina kizuizi. Mpeni chakula mtu wa kwao.

#20 Chimwaga77

Mtu wa kwao nipo hapa 🙋🏾‍♂️ na sio kwa ajili ya wali, msinifikirie hivyo.

Nimeongea na baba. Kasema kuna mdogo wake babu yake, alikwenda mkonge Tanga kabla ya Uhuru, hakuoa, alikuwa mwimbaji mzuri na mpiga zeze. Siwezi kusema ndiye. Walioimba Ugogo ni wengi na waliokwenda mkonge ni wengi zaidi. Baba kasema nije na nilitaje jina lake hapo hapo, kama siye basi naye hakuwa na aliyemtaja.

Ni Wakristo wa Mvumi, Waanglikana. Inaruhusiwa?

#21 Mwambao Dom

Njoo ndugu yangu, na mzee uje naye kama anaweza kusafiri. Nakutumia ramani ya nyumba kwenye ujumbe binafsi. Mjukuu wa Mzinga, BintKagera, na nyie pia mkipata nafasi.

#22 Mjukuu wa Mzinga

Nitafika. Mama anauliza avae nini.

#23 MkondoWaPemba

Mjomba kapiga. Anasema wazee wawili Mkoani wanaikumbuka Salama, na mmoja anadai anajua ilikuwa imepakia nini siku hiyo. Hataki kusema kwa simu. Mwambao, Kaskazi ikianza kutulia mie naenda nyumbani. Tuondoke pamoja.